Bunduki si Nzima

Hounslow, London
11 Januari 1970

Fundi Anselm,

Barua yako imenikuta na mafua ya nchi hii, yale ambayo yakishaingia puani yanahesabu kuwa yamepanga chumba. Niliisoma ndani ya treni nikienda kazini, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja wa Kizungu akahama kiti. Kwa hiyo ujue, tangu nilipoondoka Arusha bado unaniaibisha mbele za watu.

Umeuliza nafanya nini huku. Ni kazi ileile tuliyoifanya wote wawili kwa Vijay, mwajiri wetu pale Arusha. Karakana yetu iko uchochoroni nyuma ya Edgware Road, na mwenyewe ni mzee mmoja anayeitwa Tom. Jeshi limeuza bunduki zake za vita kwa mafungu, kama mama sokoni anavyouza nyanya zilizoanza kulainika. Sisi tunazinunua, tunazivua usoja, tunazifanya za mwindaji.

Ombi lako nililikubali kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Ipo moja hapa, ya risasi za .303, ambayo nimeitazama ndani ya mtutu na haina kutu hata ya dawa. Nitakata mbao za mbele, nitaondoa pale panaposhika singe, nitachonga kitako kifuate bega lako lile fupi. Ila chuma kinachobeba moto sitakigusa. Wakumbuka Vijay alivyokuwa akituonya: "Mbao ni zako, chuma ni cha Mungu." Pata kwanza kibali cha polisi. Bila hicho hata msumari sitatuma.

Jambo moja linanikera. Kule wewe ndiye uliyekuwa bwana vitambaa: bunduki ikifunguliwa, kipande cha kanga kwenye mtutu, na kingine cha kanga hiyohiyo kwenye bolti, kile chuma kinachofungia risasi, ili bolti isije ikaolewa na bunduki ya watu. Hapa nilipofunga cha kwanza, Mzee Tom aliniuliza kama bunduki imejikata kidole. Nikaona haya. Nimeacha.

Mke wangu Geeta amepata kazi jikoni uwanja wa ndege, anafungasha chakula cha abiria. Ndege ya Nairobi anaiona kila siku ikiondoka. Binti yetu Kalpana nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini nikitaja jina lako anacheka, kwa hiyo anaelewa. Nisalimie sana shemeji Elieshi.

Wako,
Kailash


Maji ya Chai
25 Januari 1970

Fundi Kailash,

Mla dengu wewe, hujawahi kuonja hata supu ya kuku, halafu unaniundia bunduki ya kuua nguruwe! Siku ya kiama sijui utajieleza kwa nani kwanza.

Lakini nakushukuru, na sifanyi mzaha. Nguruwe pori wa huku wameshajua kwamba kijiji chetu hakina silaha. Mwaka jana tulipanda mahindi, wakaja wakafukua mbegu mstari kwa mstari, kama watu walioajiriwa. Tukapanda tena, wakafukua tena. Watoto walikula majani ya maboga mpaka wakawa wanayaota. Mwaka huu kijiji kimekaa na kuniteua mimi, kwa kuwa nilikuwa fundi bunduki, niwe mlinzi wa shamba. Kibali cha polisi kimetoka, nakala nimeiweka humu. Mvua zikianza tunapanda, na mimi nataka niwe nayo begani siku hiyo.

Anwani ni ileile, sanduku la misheni. Barua na simu za maandishi zote zinafikia pale, nami nazichukua Jumapili baada ya misa. Bunduki ikifika tu nakupigia simu, hata ikiwa ya neno moja: IMEFIKA. Usilale mpaka uipate.

Elieshi anasema usimsahau. Anasema pia ungetuma vitambaa vya Ulaya badala ya bunduki, lakini huyo ni mwanamke, ana mambo yake.

Mimi,
Anselm


Hounslow, London
1 Machi 1970

Fundi Anselm,

Imeondoka. Itafikia kwa wakala wa silaha pale Arusha, naye atakukabidhi mkono kwa mkono ukimwonyesha kibali. Nimeituma nzima, sikuivunja vipande, kwa hiyo ukifungua sanduku usianze kutafuta bolti kwenye majani makavu. Kila kitu kiko mahali pake.

Ungeiona ungeniamkia. Mbao ni za mjozi, nimezipaka mafuta mpaka vidole vyangu vinanukia hata kwenye chapati. Mwezi uliopita ilikwenda nyumba ya majaribio, wakaipiga risasi zenye nguvu kuliko zozote utakazotumia, ikarudi haina hata mkwaruzo. Baada ya hapo nimeitia rangi na kuing'arisha tu. Siku ya kuifunga gari la mizigo lilikuwa mlangoni linapiga honi, Mzee Tom ananisukuma kama ng'ombe, lakini nimeifunga mwenyewe.

Sijawahi kutengeneza bunduki nikimjua atakayeibeba. Ni raha ya ajabu, Anselm. Nilipokuwa nachonga kitako nilikuwa nakuona.

Kailash


Hounslow, London
2 Aprili 1970

Anselm,

Usiipige hiyo bunduki. Naanza na hili kabla ya salamu. Usitie risasi ndani yake hata kwa kujaribu.

Jana nimekupigia simu ya maandishi, nadhani itakuwa imekufikia kabla ya barua hii, na sasa nakueleza kwa urefu. Wakati naifanya yako, nilikuwa na nyingine mezani, pacha wake, ya mteja wa Scotland anayewinda paa. Bolti zote mbili nilizitoa nikazilaza katika beseni moja la mafuta ya taa. Jana nikaja kuimaliza ile ya Scotland. Nikaipima kwa geji, kile kisahani cha kupimia nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi, ikakataa. Nikageuza bolti nisome namba. Anselm, namba ilikuwa ya bunduki yako.

Bolti uliyo nayo ni ya mwenziwe. Ukiitazama hutaona kasoro, inaingia na kujifunga vizuri. Lakini nafasi imezidi. Kila unapopiga, ganda la risasi linavutika pale karibu na kitako. Mwanzo utaona pete inayong'aa kwenye ganda, tena nyembamba. Ukiiona pete hiyo, kaa mbali na bunduki, kwa sababu siku moja ganda litakatika papo hapo, na moto utamrudia aliyelenga. Nawe unalenga kwa jicho la kulia, uso umeulaza kwenye mbao kama mtu aliyesinzia. Mara ngapi Vijay alikugombeza?

Wakala nimempata kwa simu. Anasema alishakukabidhi kabla ya Pasaka. Nimeomba wanipigie misheni, opereta anasema mvua imeangusha nguzo na laini ya huko imekatika, simu za maandishi zinapelekwa kwa miguu kutoka Arusha. Geeta amemwomba rubani mmoja abebe karatasi mpaka Nairobi. Amemjibu kwa upole kwamba yeye anaishia hotelini.

Kipande cha kanga tu, Anselm. Kipande kidogo cha kanga kingetosha. Bolti yako halisi naituma kwa ndege kesho, na hii nimeifunga kitambaa, nimekata sari ya Geeta.

Kailash


Maji ya Chai
Pasaka, 29 Machi 1970

Fundi Kailash,

Imefika! Nisamehe sijapiga simu, mvua imekata barabara ya mjini na posta imefungwa kwa sikukuu. Barabara ikipona nakwenda.

Bunduki hii, ndugu yangu, ina uzuri wa kumtia mtu dhambini. Nimeingia nayo kijijini watu wakatoka kana kwamba nimeoa mke wa pili. Elieshi mwenyewe ameishika akasema, "Hii haifanani na kuua." Kitako kimeniingia begani kama kilizaliwa hapo.

Jana nimeijaribu. Nimepiga kibuyu juu ya kichuguu, na sikukosa. Maganda ya risasi yanatoka na kimstari kinachong'aa karibu na kitako, kama pete ya bibi arusi. Nadhani ni ule ung'arishaji wako wa Ulaya. Watoto wanayagombania, binti yangu ameyatunga uzi amevaa shingoni.

Nguruwe wameshaanza kuchungulia. Waje, karibu sana.

Naongeza, Jumapili 5 Aprili. Barua hii ilikuwa bado mfukoni, gari la misheni lilikwama. Leo baada ya misa nimepewa simu yako. Naiandika hapa kama ilivyo, uone kwamba imefika salama:

BUNDUKI SI NZIMA USIPIGE SUBIRI BARUA KAILASH

Nimekusikia. Lakini umeniambia umeituma nzima, na mimi nimeifungua yote juu ya mkeka, skrubu moja moja, sikuona kilichopungua. Ipo nzima kabisa! Labda umesahau mkanda wa begani? Kama ni huo usijisumbue, nimeshona wa ngozi ya mbuzi. Ulivyo na roho ya kike, utakuwa hukulala kwa ajili ya mkanda.

Na simu sipigi, kama ulivyosema. Umenihurumia, maana barabara bado ni mto. Nasubiri barua.

Jumamosi tunakwenda shambani wote, wanaume na mapanga, mimi mbele. Wamefukua ekari nzima usiku wa kuamkia jana. Utuombee kwa miungu yako, nami nitakuombea kwa wangu, tuone nani atawahi.

Anselm


Hounslow, London
14 Aprili 1970

Anselm, ndugu yangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Jumamosi unayoitaja imeshapita.

Nimeisoma mlangoni, sikufika hata kwenye kiti. Nilipofika kwenye pete ya bibi arusi nilimwita Geeta. Nilipofika kwenye simu sikuweza kumwita mtu.

Si mkanda. Hakuna kilichopungua. Nilisema si nzima kwa maana ya kwamba ni mbovu, ni mgonjwa, ina kifo ndani yake. Na wewe umeisoma kwa maana niliyokupa mimi mwenyewe, nilipokuandikia kuwa nimeituma nzima sikuivunja. Neno nililipanda kwa mkono wangu. Na "usipige" nilimaanisha bunduki. Ulishaniahidi kunipigia simu, sasa ungesoma nini kingine? Pale posta karani alinitaka nimtajie herufi moja moja, mimi nikazitaja zote sawasawa, nikatoka nimejipongeza kwamba sikukosea hata moja.

Leo nimepiga simu nyingine: BUNDUKI ITAKULIPUKIA USONI IWEKE MBALI. Hiyo haina maana mbili. Lakini nayo itakaa misheni ikingoja Jumapili.

Mzee Tom ameniambia nikae nyumbani kidogo. Nimekaa. Kalpana amenijia, akaniuliza, na safari hii ameuliza kwa Kiswahili: "Baba, mjomba Anselm amekufa?" Nchi nzima hii ina simu mpaka barabarani, vibanda vyekundu kila kona, na hakuna hata kimoja kinachofika kwako.

Nakuandikia kwa sababu sijui la kufanya nisipokuandikia. Kama unaisoma barua hii, nitukane. Nitukane kurasa mbili.

Kailash


Hounslow, London
19 Aprili 1970

Shemeji Elieshi,

Shikamoo shemeji. Najua mimi ni mkubwa kwako, lakini leo nakuamkia.

Simu yako nimeipata. ANSELM MZIMA SUBIRI BARUA. Geeta aliposomewa alipiga magoti papo hapo mlangoni, akalia kwa furaha, akaanza kukanda unga wa mandazi. Mimi nikabaki na karatasi mkononi.

Shemeji, usinione mkorofi. Neno hilo limeshanitafuna mara mbili, silisogelei tena bila fimbo. Mzima kwa maana ipi? Mzima kwamba hakupiga ile bunduki, yuko shambani anapalilia? Au mzima kwamba yu hai? Maana mtu tukimkuta hajafa tunasema mzima, hata kama nusu yake haipo.

Nimejaribu tena misheni. Laini bado. Niandikie kwa maneno mengi, shemeji, usinihurumie, na lisilofaa kuandikwa liandike vilevile.

Shemeji yako,
Kailash


Maji ya Chai
29 Aprili 1970

Shemeji Kailash,

Marahaba.

Umeuliza mzima kwa maana ipi. Nilimaanisha hajafa. Nilipokuwa misheni nikiandika ile simu ya kupelekwa mjini, nguo zangu bado zilikuwa na damu, karani akasema andika kwa kifupi, nami nikachukua neno lililo karibu. Kumbe nami ni wale wale.

Siku simu yako ilipofika tuliisoma wote wawili. Mimi ndiye niliyeuliza, "Asipige nini?" Anselm akacheka, akasema, "Simu, mama Joyce. Mhindi anatuonea huruma na matope haya." Nikanyamaza. Hilo ndilo ninalolala nalo, shemeji, kwa hiyo usidhani umelala nalo peke yako.

Jumamosi walikwenda. Nguruwe walitoka kichakani, akapiga mmoja, akaanguka. Watu wakashangilia mpaka mimi nikawasikia kutoka jikoni. Akapiga wa pili. Huo mlio sikuufananisha na wa kwanza. Nilikimbia na mwiko mkononi.

Barua yako ndefu, ile ya kuanza na usiipige, niliipokea kesho yake baada ya misa. Niliisomea pale pale chini ya ukuta wa kanisa. Kila kitu kilikuwamo, mpaka pete. Nilirudi nikamvua mtoto ule ushanga wa maganda. Alilia sana, hakuelewa kwa nini mama anamnyang'anya alichopewa na baba.

Jicho la kulia halipo tena. La kushoto liliingia moto, limefungwa bandeji. Yuko hospitali, mimi nalala sakafuni kando ya kitanda chake. Mashamba wamepanda upya, nguruwe wamerudi. Bunduki polisi wameichukua. Bolti uliyoituma imefika na kile kitambaa cha sari ya Geeta. Anselm amekishika, akauliza ni rangi gani. Nikamwambia kijani. Akasema, "Angefunga nyekundu. Kijani kwenye mafuta ya taa hakionekani." Halafu akacheka, nami nikatoka nje.

Anataka nikuandikie kwamba hana kinyongo na wewe. Nimekuandikia. Mimi bado ninacho. Huenda kikaisha, sijui, sikudanganyi. Usitume pesa na usitume kitu chochote kingine.

Daktari anafungua bandeji Jumatatu. Ukisoma hapa itakuwa imeshafunguliwa, na lililokuwa limekuwa, nawe huko huwezi kuliongeza wala kulipunguza, kama mimi hapa nisivyoweza. Tumekubaliana na Anselm hivi: akiona, barua itakayofuata ataiandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa kuku. Asipoona, nitaiandika mimi. Utajua kwenye bahasha, kabla hujaifungua.

Subiri barua.

Elieshi